Goti la Refa

Goti la Refa lilikwama mbele ya kinyozi, likiwa limekunjwa nusu, na halikutaka kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mzee alikuwa ameshanyolewa, ameshapakwa poda shingoni, ameshajitazama kwenye kioo na kujikubali. Kilichobaki ilikuwa kusimama tu. Akasukuma mikono ya kiti, akainuka robo, akarudi chini. Akainuka tena, akarudi tena. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakazama kwenye magazeti ambayo walikuwa wameshayasoma.

Aliyekuja kuitwa ni mkaza mwanawe, ambaye mtaa mzima humwita Mfinyanzi kwa vikombe na sahani anazotengeneza uani kwake. Alifika na udongo mpaka viwikoni. Hakupoteza muda kwa kusema pole. Alilipapasa lile goti la bandia juu ya suruali, akaigusa pini inayopita katikati yake, akajua kazi ya mumewe imekwenda na maji.

"Imepinda," alisema.

"Hilo hata mimi nimelifahamu, mwanangu," Refa alijibu. "Nimelikalia."

Kiti cha kinyozi kilikuwa kile cha ofisini chenye kuzunguka, magurudumu yake yalishang'oka zamani. Wanaume wawili walimbeba nacho hadi nyumbani, na kila walipokata kona Refa alijikuta anatazama alikotoka. Ndipo alipochomoa filimbi mfukoni, akawa anaipuliza ili watu wapishe, kwa ukali uleule wa miaka ile alipokuwa mwamuzi na wachezaji wakubwa wakimtetemekea. Watu walipisha. Waliopisha walicheka pia, na Refa aliwaona, mmoja mmoja.

Mfinyanzi alitembea pembeni. Alikuwa anaiwaza Jumamosi ya wiki iliyofuata. Siku hiyo uwanja mpya wa mtaa ulikuwa unafunguliwa kwa mechi ya fainali, na kamati ya ligi ilikuwa imemwomba Refa, mwamuzi mkongwe kuliko wote waliobaki, atoke kwenye mstari na mpira kwapani, aende hadi katikati, apulize filimbi ya kwanza. Tangu akatwe mguu hakuwa amekanyaga uwanja wowote. Alikubali, lakini kwa sharti lake mwenyewe: atatembea. Hatakwenda na magongo, hatasukumwa kwenye kiti, hatashikwa mkono. Asipoweza kutembea, haendi kabisa. Na katika nyumba ile, Refa akishaamua jambo, hakuna pa kukata rufaa.

Mume wa Mfinyanzi, mhunzi, ambaye karakana yake iko ukuta mmoja na uani kwao, alimkuta baba yake kakaa kwenye kiti cha kinyozi katikati ya sebule. Alichuchumaa, akaichomoa pini, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa imejikunja kidogo tu, lakini goti halitaki hata hicho kidogo.

Pini ya awali ilikuwa imelika kwa miaka mingi ya kutumika. Kwenye kituo cha viungo vya bandia walisema nyingine itaagizwa mbali na itachukua miezi. Fundi wa pale aliona huruma, akampa Mhunzi kipande cha mwisho alichokuwa nacho cha chuma chenyewe, kile kigumu kisichoshika kutu, akamwambia achonge pini mwenyewe, ailete, yeye ataifunga. Mhunzi akachonga mbili, moja ya kazi na moja ya akiba. Akazitia kwenye makaa, akavuta mvukuto mpaka zikawa nyekundu kama pilipili, akazizamisha kwenye mafuta zikalia. Ndivyo alivyofanya kwa kila jembe, kila patasi na kila kisu alichowahi kutengeneza. Ile ya kazi haikumaliza wiki. Ile ya akiba aliionea aibu hata kabla ya kuijaribu, na kwa kuwa mlango wa choo ulikuwa umepoteza komeo lake, akaichomeka pale. Ilienea sawasawa. Ilikuwa ndiyo sifa pekee iliyopata.

"Mpigie mdogo wako," alimwambia mkewe, kwa sauti ya mtu anayeomba aazimwe suruali.

Mdogo wake Mfinyanzi alifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha ufundi, kazi yake ikiwa kuvunja vyuma vya watu na kuwaandikia kwa nini vimevunjika. Aliuliza alama iliyogongwa kwenye ncha ya kile chuma, akasomewa, akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alieleza kwa ufupi. Chuma hicho hakigeuzwi kuwa kigumu kama jembe. Kinawekwa kwenye tanuri, nyuzi mia nne na themanini, kwa saa moja, kisha kinatolewa na kuachwa kipoe mezani kama mkate. Kikiwa bado kama kilivyotoka kiwandani, hakihitaji kingine chochote. Tanuri la umeme la vikombe, lile la dada yake, lingefaa kabisa.

Mhunzi alisikiliza yote, akamrudishia mkewe simu kana kwamba ilikuwa na mafuta.

"Kwa hiyo kisiwe chekundu."

"Kisiwe."

"Wala kisizamishwe."

"Wala kisizamishwe."

"Mke wangu, hiyo siyo kazi ya moto. Hiyo ni kupasha kiporo."

Alisema mengi zaidi. Alisema hajawahi kuona chuma kikibembelezwa. Alisema kama mambo yenyewe ni hayo, basi kilazwe kwenye tanuri kifunikwe na shuka, na kiimbiwe. Refa, ambaye alikuwa bado hajashuka kwenye kile kiti cha kinyozi, alipuliza filimbi mara moja, fupi. Mjadala ukaishia hapo.

Mhunzi akachonga pini ya tatu kutoka kwenye kipande kilichobaki, na kikaisha chote. Mfinyanzi akailaza tanurini, akazungusha kitasa hadi kwenye nyuzi alizoambiwa, akamwachia mumewe kuangalia saa, yeye akaenda kupeleka sahani kwenye hoteli iliyokuwa imezisubiri. Aliporudi jioni, pini ilikuwa mezani, imeshapoa, ina rangi ya bluu ya kuvutia, ile anayoihangaikia kila siku kwenye vikombe vyake na haiji. Aliisifia. Alisema hata akiipata nusu ya bluu ile, atapandisha bei. Mhunzi alisema ahsante, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu.

*

Kamati ya ligi ilikuja siku mbili baada ya pini mpya kufungwa. Walikuwa wawili, katibu na mweka hazina, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, na walikuja kuona kwa macho yao, ingawa walisema wamekuja kusalimia. Refa aliwaelewa mara moja. Aliwaambia wakae ubarazani watazame.

Akatembea uani kutoka mlangoni hadi kwenye tanuri. Akatembea vizuri. Mfinyanzi alisikia goti likigonga kwa mpangilio, tik, tik, tik, kama saa ya ukutani. Katibu alianza kutabasamu. Refa, kwa kuwa alikuwa Refa, aliona kwenda na kurudi tu ni mambo ya wazee. Akafika kwenye tanuri, akainua mkono kana kwamba anaonyesha penalti, akageuka kwa kisigino, ghafla, kama zamani.

Goti halikugeuka naye. Mzee alikwenda kando, taratibu, akakaa kwenye karai la udongo laini ambao Mfinyanzi alikuwa ameukanda tangu asubuhi. Udongo ulimpokea ukatoa sauti ambayo wote waliisikia na hakuna aliyeitaja.

Walimtoa kwa kusaidiana. Katibu alipangusa udongo kwenye shati lake lenye pasi na kusema maneno ya adabu, mengi, na ndani ya adabu ile ndimo lilimokuwa neno lenyewe.

"Heshima yako iko palepale, mzee. Wewe ukae jukwaani na wageni. Kupuliza tutamwomba mwingine."

"Mwingine nani?"

Katibu akamtazama mweka hazina. Mweka hazina akautazama udongo.

"Yule aliyekuwa mshika kibendera wako," katibu alisema.

Refa alivua filimbi shingoni, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akaitikisa udongo utoke, akaipangusa kwa kitambaa cha mfukoni. Akaiweka kwenye meza ya ubarazani, mbele ya katibu.

"Mpe hii. Ya kwake ilikuwa haisikiki."

Katibu hakuthubutu kuigusa. Walisema watangoja jibu mpaka Ijumaa, wakaaga, wakaenda zao wakitembea haraka kidogo kuliko walivyokuja. Refa aliingia chumbani kwake kwa magongo. Filimbi ikabaki mezani.

Mfinyanzi hakuwa amejua jinsi nyumba yao ilivyoendeshwa kwa filimbi. Ililia chakula kilipochelewa. Ililia wageni walipokaa kupita kiasi. Hasa ililia yeye na mumewe walipogombana, na mara nyingi walikuwa wakingojea ilie ili kila mtu anyamaze bila kushindwa. Jioni ile waligombana kuhusu lile tanuri, kuhusu mdogo wake, kuhusu nani alisema nini kuhusu kiporo, na hakuna kilicholia. Ugomvi ukaenda, ukaenda, ukafika kwenye mambo ya kabla hawajaoana, mpaka wote wawili wakachoka na kuona aibu. Waliutazama mlango wa mzee. Haukufunguka.

"Kesho tunakwenda kwa mdogo wangu," alisema Mfinyanzi. "Wote wawili. Na wewe utavaa shati."

*

Mdogo wake aliipokea pini iliyopinda, akaigeuza mara moja tu kwenye kiganja.

"Nani kaipika hivi?"

"Tanuri," alisema Mhunzi.

"Shemeji, tanuri halina mikono."

Akaikata kipande chembamba, akakisugua kwa msasa mlaini mpaka kikang'aa kama kioo, akakipaka tone la dawa kali, akakiweka chini ya hadubini. Mfinyanzi alikuwa wa kwanza kuinama. Aliona vijiti vyembamba vimelala huku na huku, vinakatana, kama majani makavu yaliyokanyagwa na ng'ombe.

Mdogo wake alieleza huku akipangusa mikono. Ndani ya chuma hiki mna shaba kidogo. Kikiwa chekundu, shaba inapotelea ndani yake kama sukari kwenye chai. Kikipozwa upesi, inashikwa hukohuko ilikotawanyika, na inakaa bure. Ukikipasha kwa upole, inaanza kukusanyika, vipunje vidogo mno, vingi mno, karibukaribu, na kila kipunje kinazuia tabaka za chuma zisiteleze. Ugumu wote ni kazi ya vipunje hivyo.

"Na moto ukizidi?" Mhunzi aliuliza. Aliuuliza ukuta.

"Vinaungana. Vikubwa vinameza vidogo, vinabaki vichache, kila kimoja na nafasi yake. Chuma kinapita katikati yao kinavyotaka."

"Kama kamati ya ligi," alisema Mfinyanzi. Alikuwa bado anatazama. "Mbona sivioni hivyo vipunje?"

"Huwezi kuviona. Hadubini hii haifiki huko. Hapo unaona nyumba, wakazi huwaoni."

Mhunzi alinyoosha mgongo. Alisema amefunga karakana, amevaa shati, amekuja mpaka huku, kumbe ameitiwa kuonyeshwa kisichoonekana.

"Kinachoonekana ni hiki," shemeji yake alimjibu, akainua kipande kilichobaki. "Nyuzi nilizokutajia zinakiacha na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea. Hii ni bluu. Bluu maana yake mtu alikwenda mbali zaidi, tena akakaa huko."

Mfinyanzi alihisi masikio yanawaka. Yeye ndiye aliyeisifia ile bluu. Akamgeukia mumewe, na mumewe akawa anahesabu vigae vya sakafu.

"Nilikizungusha kitasa kidogo," alisema hatimaye.

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka pale kitasa kilipogoma. Nilipoona chuma kinakaribia kuwa chekundu nikarudisha kitasa nusu, nikakiacha humo mchana kutwa." Akavuta kola ya shati. "Mzee ni mzito. Nikasema moto ukiwa mwingi, ugumu nao utakuwa mwingi. Ningewezaje kujua kwamba kuna chuma kinachoharibika kwa kuhurumiwa?"

Hakuna aliyemcheka. Hata mdogo wake Mfinyanzi, ambaye alikuwa ameandaa la kusema, aliliacha. Aliuliza tu kama kimebaki kipande kingine. Hakikubaki. Fundi wa kituo alishatoa cha mwisho, na maabara haikuwa na chuma cha aina ile hata cha kuchokonolea meno.

"Na zile za kwanza?" aliuliza. "Ulizitia moto zikawa nyekundu, ukazizamisha?"

"Nilizizamisha. Haya, cheka sasa."

"Sicheki, shemeji. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Hata kiwandani huanza hivyo, wanakifanya chekundu, wanakipoza, ndipo wanakipasha kwa upole. Hukuiharibu. Uliishia njiani tu. Ile ya akiba iko wapi?"

Mume na mke walitazamana.

"Iko chooni," alisema Mfinyanzi.

"Mmeitupa chooni?"

"Hapana. Inafunga mlango."

*

Walipofika nyumbani mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa ndani, na aliyekuwa ndani ni Refa. Alikuwa na tabia hiyo akiwa na huzuni. Aliingia, akafunga, akakaa, kwa kuwa ndicho chumba pekee ambacho hakuna mtu angemfuata kumwambia pole.

Mfinyanzi aligonga. Akaomba radhi kwanza, kisha akasema wanaomba pini.

"Pini gani?"

"Hiyo uliyofungia, baba."

Wakamsikia akifikiri.

"Mnataka kunitia komeo la choo kwenye goti."

Mhunzi alitaka kueleza habari za shaba na sukari. Mkewe alimkanyaga mguu. Alisema yeye mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba ndiyo, baba, ni komeo la choo, na ni zuri kuliko lile la bluu, ila lilikuwa halijamaliziwa. Alisema kosa lilikuwa la watu wawili na wote wako hapa mlangoni.

"Nikitoa komeo, mlango utalindwa na nani?"

"Na mimi," alisema Mhunzi.

"Wewe sikuamini."

Wakangoja. Halafu sauti ya mzee ikaja tena, safari hii chini kidogo.

"Leteni filimbi. Akipita mtu nitapuliza."

Mfinyanzi alikwenda ubarazani kwa haraka ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana. Akaipitisha filimbi chini ya mlango. Upande wa pili ilinyanyuliwa, ikajaribiwa kwa pumzi ndogo. Kisha chuma kikakwaruza, na pini ikatoka chini ya mlango ikibingirika.

Waliiosha kwa sabuni mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mhunzi akaisugua kwa msasa mpaka magamba ya moto wa zamani yakatoka yote, akaipima kwenye goti, ikaingia bila kulazimishwa. Mfinyanzi akaiweka tanurini peke yake, bila hata kikombe cha kuisindikiza. Akazungusha kitasa, akavuta kigoda, akakaa mgongo wake ukiwa umekiziba. Akamwamuru mumewe akae ng'ambo ya pili ya ua, mahali ambapo angeiona mikono yake yote miwili.

"Nichungulie tu," Mhunzi aliomba katikati.

"Chungulia viatu vyako."

Ilikuwa saa ndefu. Mara mbili filimbi ililia kutoka chooni, na mara zote ilikuwa ni kuku. Saa ilipotimia, Mfinyanzi alifungua mlango wa tanuri akaitoa pini kwa koleo. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, iliyokolea, ambayo mtu asiye na haraka angeweza kuinywa. Haikuwa nzuri kama ile ya bluu. Mkono wa Mhunzi, kwa mazoea ya maisha yote, ulikuwa tayari umeshika kopo la mafuta. Mkewe aliupiga kwa kitambaa, na kopo likarudi lilikotoka.

Wakaiacha mezani ipoe. Walikaa wakiitazama ikipoa, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya karai hawakuwa na la kugombania.

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya ukuta. Ijumaa fundi wa kituo alikuwa ameifunga pini na Refa akapeleka jibu kwamba atatembea; katibu alikuwa amekubali, lakini kwa woga. Alikuwa amemweka yule mshika kibendera wa zamani karibu na mstari, amevaa kaptula, filimbi mfukoni, endapo.

Refa alimwona. Hakumsalimu. Alivuta soksi zake, ya mguu wa nyama na ya mguu wa chuma, zikalingana. Akachukua mpira, akautia kwapani, akavuka mstari.

Mfinyanzi hakutazama uso wake, alitazama goti. Kelele za watu zilikuwa nyingi mno kusikia likigonga, kwa hiyo aligonga yeye, kwa ulimi, chinichini, tik, tik, tik, kila hatua. Kando yake mumewe hakuweza kujizuia. Alikuwa ameanza kwa kunong'ona, sasa alikuwa anapaza sauti kuliko mashabiki wote.

"Taratibu, baba. Usikaze mguu. Baba, usigeuke ghafla. Nasema usigeuke."

Refa alikuwa amefika karibu na duara la katikati. Alisimama. Akageuka kwa kisigino, ghafla, kama zamani.

Mfinyanzi alisahau kugonga.

Goti liligeuka naye. Mzee akarudi njia ileile aliyoipita, bila haraka, mpira kwapani, uwanja mzima ukimtazama na haujui kuna nini. Alikuja mpaka kwenye mstari, mpaka mbele ya mwanawe. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kadi ya manjano, akaiinua juu kabisa ili hata waliokuwa ukutani waione.

"Kumsumbua mwamuzi," alisema. "Ukirudia unatoka nje."

Watu walicheka, na safari hii Refa aliwaona pia, na hakujali. Akageuka tena, akaenda zake katikati.

Mhunzi alisimama pale, mikono imeanguka, machozi yanamtiririka, anacheka. Mkewe alimsukuma kwa bega, akamuuliza analia nini, mtu mzima amepewa kadi mbele za watu.

"Amegeuka," alisema Mhunzi. "Mara mbili. Umemwona alivyogeuka?"

Katikati ya uwanja filimbi ililia, na mpira ukaanza.